Klachi ya Hiace: uishushe giaboksi nyumbani au ulipeleke gari gereji?

Kwa Hiace au Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, 3L au 5L (ni majina ya injini za Toyota, si lita), hukumu yetu ni hii: nunua spea mwenyewe, mwite fundi nyumbani, na uwe umesimama hapo hapo wakati flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hubanwa juu yake) inapoonekana. Nafasi ya pili tunaipa gereji yenye lifti. Ya tatu ni gereji ya chini ya mwembe. Ya mwisho ni kulala chini ya gari peke yako ukiwa na jeki iliyokuja na gari.

Waliozoea kutazama video za Wazungu wakibadili klachi mbele ya nyumba zao watashangaa. Wenzetu wale wanakimbia bei ya ufundi, kwa sababu kwao saa ya fundi ndiyo inayonenepesha bili. Huku kwetu ufundi ni kipande kidogo tu. Spea ndiyo inayomaliza mfuko. Kwa hiyo anayefanya kazi hii nyumbani haokoi fedha nyingi kama anavyodhani. Anachookoa ni uhakika: anajua ni klachi ipi iliyoingia, flaiwili ilikuwaje, sili ya krenki (inayozuia oili ya injini isivuje kwenye klachi) ilibadilishwa au ilifutwa kwa kitambaa ikarudishwa. Mambo hayo yakishafunikwa na giaboksi, hakuna wa kuyaona tena mpaka klachi ife upya.

Kwanza hakikisha ni klachi kweli

Klachi iliyoisha inateleza. Injini inapandisha mzunguko, gari halipandishi mwendo, hasa ukiwa gia ya nne mlimani na mzigo umejaa. Kipimo ni rahisi. Gari likiwa tambarare na pasipo mtu mbele, vuta handbreki hadi mwisho, weka gia ya nne, ongeza moto kidogo, kisha achia pedali taratibu. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuunguruma kana kwamba hukuachia kitu, klachi imekwisha. Jaribu mara moja tu, maana kila jaribio linachoma kilichobaki.

Kabla ya kukata shauri, bonyeza pedali kwa kidole. Inatakiwa iwe na uchezaji wa milimita 5 hadi 15 kabla hujahisi ugumu. Isipokuwa na uchezaji wowote, rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) inaegemea presha (chuma chenye springi kinachobana sahani ya klachi kwenye flaiwili) muda wote, na klachi hata ikiwa mpya itateleza. Dawa yake ni kurekebisha kijiti kinachosukuma silinda ya juu ya mafuta ya klachi, pale pale kwenye pedali, kwa spana moja. Kuna klachi zimetupwa zikiwa na uhai wake kwa sababu hakuna aliyeinama kuangalia nati ile.

Hali ya pili ni tofauti kabisa: gia hazikubali kuingia, ya kwanza ni ngumu, rivasi inakwaruza. Hapo klachi haitelezi, bali haiachii, na mara nyingi kosa liko kwenye mafuta ya breki yanayoisukuma. Kanyaga pedali haraka haraka mara nne. Gia zikianza kuingia vizuri, una hewa au mpira uliokwisha. Nenda upande wa giaboksi, tafuta silinda ya chini iliyofungwa kwa bolti mbili za namba 12, ufunue mpira wake wa vumbi. Ukikuta unyevu wa mafuta ya breki, mpira wa ndani unavujisha. Halafu ingia ndani, papasa nyuma ya pedali: zulia likiwa limelowa, silinda ya juu nayo imeaga. Kazi hizi hazihitaji kushusha giaboksi, na kiti ya mipira (seti ya mipira mipya ya silinda) haifiki hata robo ya bei ya klachi. Gereji inayosikia "gia haziingii" na kujibu "klachi nzima" bila kufunua mpira ule, ondoka.

Milio nayo inasema. Mlio unaokuja ukikanyaga pedali ni rilizi beringi. Mlio unaokuwapo mguu ukiwa juu na kupotea ukikanyaga ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, na huyo ni mgonjwa mwingine ingawa anatibiwa siku moja. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, shuku mafuta kwenye sahani, flaiwili iliyoungua, au mpira wa mauntingi (unaobeba injini na giaboksi) uliokatika. Mauntingi iangalie kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo nje.

Spea: hapa ndipo fedha inapopotea

Kifurushi cha kweli si sahani na presha peke yake. Unahitaji sahani ya klachi, presha, rilizi beringi, beringi ndogo ya pailoti iliyo katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi, kiti ya mipira ya silinda ya chini, chupa ya mafuta ya breki ya DOT 3 na oili ya giaboksi ya 75W-90. Kwa oili chukua lita 3, utabakiwa. Ongeza grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha kijiko kimoja tu.

Watu wengi hubania beringi ya pailoti na sili mbili. Ni vitu vya bei ndogo vilivyojificha mahali pa gharama kubwa. Sili ya krenki ikianza kuvuja mwezi mmoja baadaye, oili inaingia kwenye sahani mpya, gari linateleza, na unaanza kulipia upya kila kitu isipokuwa sili.

Kuhusu ukubwa: sahani ya kawaida kwa injini hizi ina meno 21 na kipenyo cha milimita 225 hivi, lakini yako matoleo yenye sahani kubwa zaidi, na magari mengi yaliyokuja kama mtumba yameshabadilishwa injini au giaboksi njiani. Namba ya chesisi inasaidia, ila haitoshi. Mkubaliane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba isipoingia atabadilisha, boksi likiwa safi. Ukifika na ya zamani mkononi, zilaze kifua kwa kifua: kipenyo sawa, meno sawa, urefu wa kitovu sawa, na kimo cha vidole vya presha kutoka mezani kisipishane. Kisha vaa sahani mpya kwenye shafti ya giaboksi. Inatakiwa iteleze kwa uzito wake bila kukwama na bila kupwaya.

Aisin na Exedy ndizo zilizofunga magari mengi ya Kijapani tangu kiwandani. Exedy ndiyo iliyokuwa ikiitwa Daikin hadi 1995, kwa hiyo ukikuta jina la Daikin kwenye presha ya zamani usidhani ni kitu cha ajabu. Na kwa kuwa majina hayo yanauza, ndiyo pia yanayoigwa. Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi, Kisekka ya Kampala, kote utaambiwa "hii orijino, ile feki" na mtu yule yule aliyezipanga zote mbili rafu moja. Usiangalie boksi. Angalia rivati: ziwe zimezama ndani ya lainingi kwa kina kinacholingana. Angalia springi za katikati: zisicheze ukizitikisa kwa kidole. Angalia vidole vya presha: vyote vimalizikie kimo kimoja. Namba iliyogongwa kwenye chuma iwe kali na ilingane na ya kwenye boksi.

Sahani iliyobandikwa lainingi upya ipo sokoni na bei yake inavutia. Kwa gari la shamba linalotembea kilometa chache inaweza kupita. Kwa daladala au gari la mizigo tunaikataa. Kilichobandikwa ni lainingi tu. Springi za katikati na meno ya kitovu ni yale yale ya zamani, na presha iliyochoka ikirudishwa pamoja nayo, kuteleza kunaanza mapema.

Gereji za aina tatu

Gereji yenye lifti au shimo zuri inamaliza Hiace kwa saa nne au tano, Hilux ya kuendesha magurudumu ya nyuma kwa chini ya hapo. Unacholipia ni nafasi ya kusimama wima, jeki ya kubebea giaboksi, na spana ya kupimia nguvu. Hivyo vitatu vinazuia makosa mengi tutakayoyataja. Udhaifu wake ni kwamba wengi wao wanataka spea zitoke kwao, kwa bei yao, na mteja anakaa kwenye kiti cha plastiki nje akitazama runinga. Omba mambo mawili kabla ya kukabidhi ufunguo: kuitwa giaboksi ikishuka, na kupewa spea za zamani zote. Gereji nzuri haioni tabu. Ukijibiwa kwamba bima hairuhusu wateja kuingia, omba picha ya flaiwili ikiwa imefunguliwa, ikionekana na namba ya gari.

Gereji ya mtaani ina mafundi wenye mikono myepesi kuliko wote. Wanashusha giaboksi ya Hiace watu wawili, mmoja kifua chini ya chuma, mwingine akivuta, na saa tatu baadaye gari linaondoka. Tatizo halipo kwenye mikono. Eneo ni mchanga, gari limeinuliwa kwa jeki na tofali, bolti zinakazwa kwa kuhisi, na sahani inafutwa kwa kitambaa kile kile kilichofuta oili. Kila kilichopo pale unacho nyumbani kwako, pengine na sakafu bora zaidi. Ndiyo maana tunasema mwite fundi huyo huyo aje kwako. Malipo ya ufundi hayapishani sana, gari halilali nje, na hakuna magari mengine matano yanayomwita aache bolti zako nusu.

Gereji ya wakala rasmi tunaipitia haraka: kazi ni safi, spea ni za kweli, na kwa Hiace ya umri huu bili inaweza kukufanya ulitazame gari kwa jicho jingine.

Kuna magari ambayo hata hatubishani, yaende gereji yenye lifti. Hilux ya kuendesha magurudumu manne ina kisanduku cha pili nyuma ya giaboksi na propela ya mbele. Uzito na urefu wake havifai kwa mgongo wa mtu. Magari madogo yenye injini iliyolala ubavu yanataka kutoa shafti za magurudumu na kuning'iniza injini kutoka juu. Na magari ya Ulaya yenye flaiwili ya vipande viwili yana vipimo vyake ambavyo mwembe hauvijui.

Kazi yenyewe ikifanyika nyumbani

Sakafu kwanza. Zege au lami tambarare. Kama ni udongo, weka ubao mpana na mzito chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo vinazama taratibu wakati wewe uko chini. Jeki ya troli ya tani 3, stendi nne, vizuizi vya magurudumu. Tofali la saruji lisiguse kazi hii. Halipindi wala halitoi onyo, linapasuka mara moja. Nyanyua gari mpaka upate sentimeta 50 hivi kati ya ardhi na chesisi, kisha lisukume kwa nguvu ubavuni. Likitikisika, lishushe upange upya kabla mtu hajaingia chini.

Spana za namba 10, 12, 14, 17 na 19 zinatosha karibu kazi yote, pamoja na ekstensheni ndefu mbili zinazounganika. Spana ya kupimia nguvu waweza kuazima. Ukijumlisha bei ya vifaa hivi vyote kwa mtu asiye na hata kimoja, vinapita malipo ya fundi mara kadhaa. Ni sababu nyingine ya kumwita yeye aje navyo.

Toa waya hasi wa betri kabla ya yote. Waya mnene wa stata una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa chesisi wakati unaifungua utaona cheche ambazo hutazisahau.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo nyanyua kiti na kifuniko. Bolti za juu za giaboksi na za stata utazifikia kutoka huko kwa urahisi kuliko kutoka chini. Kwenye Hilux anza kwa kutoa mkono wa gia ndani ya kabini: vua mpira, kandamiza kofia ya chuma kwa nguvu, izungushe kinyume cha saa, mkono unachomoka. Ziba tundu kwa kitambaa safi. Mchanga ukiingia humo, giaboksi itausaga na kuutawanya kwenye beringi zake zote.

Weka alama ya tindo au rangi kwenye flenji ya propela na ya difu kabla ya kufungua bolti nne. Ikirudishwa bila kufuata alama inaweza kuleta mtetemo utakaomlaumu fundi wa klachi bure. Propela ikichomoka mkiani mwa giaboksi, oili inafuata. Mwaga oili kabla, au ziba kwa mfuko wa plastiki na mpira. Hiace ndefu ina propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati, basi ifungue na hiyo beringi na utazame mpira wake kwa kuwa umeshafika.

Silinda ya chini usikate paipu yake. Fungua bolti zake mbili, ining'inize kwa waya pembeni, na uandike kwa herufi kubwa kwenye usukani kwamba pedali isikanyagwe. Mtoto akiikanyaga, pistoni inaruka nje. Toa waya wa spidi, swichi ya taa ya rivasi, waya au vyuma vya gia, na stata.

Sasa injini. Chuma cha mlalo kinachobeba mkia wa giaboksi kikitoka, injini inainama nyuma. Weka jeki ya pili chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), kukiwa na kipande cha ubao katikati ili uzito usambae. Chuma kitupu kinatoboa sampu. Kuinama kidogo kunasaidia kufikia bolti za juu kwa ekstensheni kutoka nyuma. Kuinama sana kunapeleka feni kwenye rejeta na kunyonga mpira wa maji.

Bolti za giaboksi zina urefu tofauti. Chukua ubavu wa boksi la karatasi, chora umbo la mdomo wa giaboksi, na kila bolti ichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi inapasua aluminiamu, na kosa hilo ni la bei ya giaboksi.

Giaboksi ina uzito unaokaribia mfuko wa saruji, ila mfuko wa saruji haujiviringishi. Ivute nyuma ikiwa imenyooka, jeki ikiibeba muda wote. Usiiache ining'inie shafti ikiwa bado imo ndani ya sahani. Kwa safari ya kutoka hakuna hasara, maana sahani ni ya kutupwa, lakini wakati wa kurudisha kosa hilo hilo linapinda sahani mpya, na gia zinakuwa ngumu tangu siku ya kwanza.

Vumbi jeusi lililojaa humo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa matambara, yafunge kwenye mfuko na kuyatupa.

Dakika kumi zinazoamua kila kitu

Presha ikitoka, simama. Hapa ndipo mwenye gari anapaswa kuwa macho.

Tazama sahani ya zamani. Rivati zikiwa zimebakiza kina cha chini ya milimita 0.3 kutoka uso wa lainingi, imekwisha kihalali. Ikiwa imeisha upande mmoja tu, au imelowa oili, basi aliyeiua bado yumo humo. Oili inayonuka kama ya injini imetoka sili ya krenki. Yenye harufu kali ya kiberiti imetoka giaboksi.

Tazama flaiwili. Mikwaruzo midogo inaondoka kwa msasa. Madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka ni alama za joto, na hapo flaiwili ivuliwe ipelekwe kwa mkerezaji. Ikikerezwa, uso wote ukatwe sawa, na kama ina ngazi mahali presha inapokaa, ngazi nayo ikatwe kiasi kile kile. Vinginevyo presha itakaa juu au chini ya kimo chake na pedali haitaeleweka kamwe. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa kuwa inachukua nusu siku nzima ya kwenda na kurudi. Klachi mpya juu ya flaiwili iliyoungua inatetemeka kuanzia kona ya kwanza.

Zungusha beringi ya pailoti kwa kidole. Ikikwaruza, itoe. Kama huna kifaa cha kuvutia, jaza tundu grisi nzito, tafuta kijiti cha chuma kinachokaribia kuziba tundu, kigonge kwa nyundo: grisi inaisukuma beringi itoke yenyewe. Badili sili ya krenki wakati flaiwili iko chini. Tazama uma wa klachi, ule unaosukuma rilizi beringi, kwa nyufa na mahali unapoegemea kwa kulika. Zungusha shafti ya mbele ya giaboksi usikilize.

Kurudisha

Safisha flaiwili na presha kwa dawa ya kusafishia breki au petroli kidogo kwenye kitambaa kipya. Presha mpya inakuja na oili ya kuzuia kutu, ambayo ikiachwa inaingia kwenye lainingi. Sahani ina upande. Ule wenye springi zilizotokeza unatazama giaboksi. Ikigeuzwa, kitovu kinagonga bolti za flaiwili na klachi haiachii, na kosa hilo linagharimu kuishusha giaboksi upya.

Sahani iwekwe katikati barabara. Kifaa cha plastiki cha kusawazishia huuzwa kwa bei ndogo. Mafundi hutumia shafti ya giaboksi iliyokufa, nayo ni nzuri zaidi. Kukadiria kwa jicho kunawezekana kwa aliyefanya mara mia. Bolti sita za presha zikazwe kwa kukingama, kila moja mizunguko miwili kisha kwenda ya mkabala, mpaka presha ikae sawa, halafu malizia kwa niutani-mita 19. Ni kidogo kuliko mkono unavyotaka. Anayezikaza kama nati za gurudumu anazikata ndani ya flaiwili.

Grisi: filamu nyembamba kwenye meno ya shafti, tone kwenye ncha za uma na mahali unapoegemea, kidogo ndani ya rilizi beringi. Vaa sahani kwenye meno, ichomoe, futa ziada. Grisi nyingi inarushwa na mzunguko mpaka kwenye lainingi, na utarudi kwenye mtetemo ule uliokuwa unaukimbia. Hakikisha klipu za rilizi beringi zimeshika pande zote mbili.

Giaboksi ikipanda, iweke kwenye gia, ipeleke mbele ikiwa imelingana kabisa na injini, msaidizi azungushe shafti ya mkiani taratibu ili meno yapate njia. Ibaki mwanya wa sentimeta moja au mbili isiingie? Usiivute kwa bolti. Hili ndilo kosa linalovunja masikio ya giaboksi mitaani kila siku. Shusha, angalia sahani kama iko katikati, angalia pini za kuongozea kama hazijapinda, rudia. Ikikaa sawasawa inaingia kwa mkono mpaka chuma kiguse chuma. Ndipo bolti zifungwe, zile kubwa kwa niutani-mita 72.

Rudisha silinda ya chini ikiwa na mipira mipya, jaza oili ya giaboksi mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa tambarare. Toa hewa: mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipo (bolti ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini) yenye mpira ulioingia kwenye chupa ya mafuta ya breki, afunge, ndipo pedali iachiwe. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke hata mara moja. Kisha rekebisha uchezaji wa pedali kwenye milimita zile 5 hadi 15.

Washa injini magurudumu yakiwa bado hewani, ingiza kila gia, kisha kanyaga klachi ukiwa gia ya kwanza: magurudumu ya nyuma yatulie ukigusa breki, injini isizimike. Ukilishusha gari, lipe kilometa 500 za mjini bila kuvuta tela wala kupakia mpaka juu, na usiliendee mlima kwa kushikilia nusu klachi. Mkataba na fundi wa nyumbani uwe kwamba sehemu ya malipo inabaki mpaka siku ya tatu, utakapoingia chini ya gari kwa tochi: tundu dogo la chini ya mdomo wa giaboksi liwe kavu, na bolti za flenji ya propela zijaribiwe kwa spana moja moja.